Panya Juu ya Mlango: Majibu Yetu Kuhusu Jumba la Kale la Mji wa Amsterdam

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya jumba kubwa la mawe linalotazama uwanja wa Dam, katikati ya jiji la Amsterdam, na chini yake tukaandika maneno machache tu: Ikulu ya Kifalme ya Uholanzi. Maneno hayo hayakuwatosha wasomaji wetu, na wana haki ya kulalamika, kwa sababu jumba hilo lilikuwa makao ya serikali ya mji kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya mfalme yeyote kulala ndani yake. Kati ya barua zilizotufikia nimechagua sita, nikazipanga ili majibu yake yafuatane.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata kusikia kwamba ikulu ile haikujengwa kwa ajili ya mfalme. Ikiwa ni hivyo, kwa nini watu wa mji mmoja walijijengea ofisi zenye fahari kiasi kile?

JIBU: Ulichosikia ni kweli. Siku jiwe la kwanza lilipowekwa, tarehe 28 Oktoba 1648, Uholanzi haikuwa na mfalme. Ilikuwa jamhuri ya majimbo saba, na mapema mwaka huo huo ilikuwa imetia saini mjini Münster mkataba wa amani uliomaliza vita vya miaka themanini dhidi ya Hispania. Amsterdam, uliokuwa mji tajiri kuliko yote katika jamhuri hiyo, ulitawaliwa na mameya wanne kwa wakati mmoja, waliotoka katika familia chache za matajiri na wafanyabiashara wakubwa, na hao ndio walioamua kujenga. Jiwe lenyewe liliwekwa na watoto wanne wa kiume kutoka katika familia za mameya. Kwangu mimi hilo lilikuwa tangazo la wazi: wenye mji walitaka ijulikane kwamba jumba lile, pamoja na madaraka yatakayokaa ndani yake, yangerithiwa na wana wao.

Haja ya ofisi mpya ilikuwepo, tena kubwa. Jumba la zamani, lililojengwa katika Enzi za Kati, lilikuwa limechakaa na kubana, nao mji ulikuwa unajaa watu na shughuli mwaka hadi mwaka. Mwezi Julai 1652, wakati kuta za jumba jipya zikiendelea kupanda nyuma yake, jumba hilo la zamani liliteketea kwa moto, na kuanzia siku hiyo mji ukawa na jengo moja tu la kulitegemea, nalo halijakamilika. Jirani kabisa, Kanisa Jipya lilikuwa limeanza kujengewa mnara mrefu ambao wako viongozi waliotaka upite kimo cha jengo lolote la serikali, lakini mnara huo uliachwa ungali chini, na juhudi zote zikaelekezwa kwenye jumba la mji. Anayesimama Dam leo anaweza kuyatazama majengo hayo mawili kwa pamoja na kuona ni upande gani uliopata ushindi.

Mbunifu wake alikuwa Jacob van Campen, ambaye pia alikuwa mchoraji. Alifuata vipimo na kanuni za Warumi wa kale kama zilivyofafanuliwa na wasanifu wa Italia: ukuta mpana ulionyooka, madirisha yaliyopangwa kwa safu zisizokiuka mstari, na nguzo bapa za ghorofa mbili zilizobanwa kwenye ukuta, za chini zikiwa na vichwa vya mtindo wa mchanganyiko na za juu vya mtindo wa Korintho. Juu ya yote aliweka kuba, na juu ya kuba kielekezi cha upepo chenye umbo la merikebu ya kale, ambayo ilikuwa nembo ya mji. Jiwe la nje ni jiwe mchanga la rangi ya manjano kutoka Bentheim, Ujerumani, ingawa karne za moshi na mvua zimelitia weusi kiasi kwamba wageni wengi hawaamini wakiambiwa kwamba lilikuwa linang'aa.

Mwaka 1654 van Campen aliiacha kazi kwa sababu ya ugomvi, na usimamizi ukabaki mikononi mwa Daniel Stalpaert, mbunifu wa mji. Sherehe ya ufunguzi ilifanyika tarehe 29 Julai 1655 ilhali sehemu ya juu bado haijakamilika, na mafundi waliendelea kwa takriban miaka kumi zaidi. Kengele za kuba zilisubuliwa na François Hemony, fundi ambaye kazi zake zinasifiwa hadi sasa kwa usahihi wa sauti. Watu wa zama hizo waliliita jumba hilo ajabu ya nane ya dunia, na ingawa kila mji hupenda kujisifu, kwa jengo la kiraia la karne ya 17 sioni kwamba walitia chumvi nyingi.

SWALI: Mwalimu wetu wa jiografia alituambia kwamba jumba hilo lote limesimama juu ya miti. Je, ni kweli, na miti hiyo haiozi?

JIBU: Mwalimu wako hakukosea. Ardhi ya Amsterdam ni matope na mboji laini, na mchanga mgumu unaoweza kubeba jengo zito unapatikana takriban mita 12 chini. Kwa hiyo mafundi walishindilia magogo marefu ardhini, wima, moja kando ya jingine, hadi ncha zake zikafika kwenye mchanga huo, kisha wakajenga juu yake. Hesabu ya magogo ya jumba hili imehifadhiwa: ni 13,659. Watoto wa shule wa Uholanzi huikumbuka kwa njia nzuri ajabu, kwa kuchukua siku za mwaka, 365, kisha kutanguliza 1 na kumalizia 9.

Kuhusu kuoza, siri iko kwenye maji. Kuvu wanaokula mbao huhitaji hewa, na gogo lililozama daima chini ya usawa wa maji ya ardhini halipati hewa ya kutosha kuwalisha. Hatari huja maji yanaposhuka na kuacha vichwa vya magogo wazi, na ndiyo maana usawa wa maji katika mji huo huangaliwa kwa makini sana.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchonga milango. Katika picha mliyochapisha nimeona nakshi nyingi mno, na naelewa kwamba ndani ziko nyingi zaidi. Naomba kujua kama zilikuwa pambo tu, au zilikuwa na maana kama nakshi za kazi yetu zinavyokuwa na maana.

JIBU: Fundi, swali lako ndilo nililolifurahia kuliko yote, maana wengi hulitazama jumba lile wakihesabu sanamu bila kuuliza kwa nini kila moja imewekwa pale ilipo. Jibu langu ni kwamba karibu kila nakshi pale ndani inafanya kazi ya kibao cha mlangoni na ya onyo kwa wakati mmoja: inamwambia raia aliye nje ni shughuli gani inayofanyika ndani ya chumba, na inamwambia ofisa aliye ndani jinsi anavyopaswa kuifanya.

Yafaa kwanza kujua kwamba chini ya paa lile zilikusanyika shughuli zote za mji. Palikuwa na mahakama, jela na chumba cha mateso. Palikuwa na benki ya mji iliyoanzishwa mwaka 1609, ambayo hazina yake ilihifadhiwa katika vyumba vya ghorofa ya chini. Palikuwa na ofisi ya mali za yatima, ofisi ya bima, ofisi ya masuala ya ndoa, ofisi ya waliofilisika, na ghala la silaha. Mtu aliyeingia akiwa na shida yake alihitaji kuongozwa, na mchongaji ndiye aliyepewa jukumu hilo. Huyo alikuwa Artus Quellinus kutoka Antwerp, aliyefanya kazi pamoja na kundi kubwa la wasaidizi kwa zaidi ya miaka kumi.

Chukua mlango wa ofisi ya waliofilisika. Juu yake amechongwa Icarus, kijana wa hekaya za Wagiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta, akalikaribia jua mno, nta ikayeyuka, naye yuko hapo kwenye marumaru akianguka kichwa chini. Chini yake kuna taji refu la mapambo, na ukilikaribia unagundua kwamba badala ya maua na matunda limefumwa kwa makasha matupu, hati za madeni na panya wanaotafuna. Mfanyabiashara aliyeitwa pale kueleza kwa nini hakulipa madeni yake alipita chini ya panya hao. Nimekwisha kuona milango mingi iliyochongwa kwa ustadi, lakini sijui mwingine unaosema neno gumu namna ile kwa kitu kidogo namna ile.

Juu ya mlango wa ofisi ya bima yupo Arion, mwimbaji wa Kigiriki aliyetupwa baharini na mabaharia wenye tamaa, akaokolewa na pomboo. Nani asingefarijika kumwona huyo anapokwenda kuuliza habari za shehena yake iliyozama? Kwenye chumba cha katibu wa mji, mahali palipotunzwa nyaraka na siri za serikali, kuna mwanamke aliyeweka kidole mdomoni, naye ni Ukimya, na kuna mbwa anayelinda maiti ya bwana wake aliyeuawa, ambaye ni Uaminifu. Karani aliyepita hapo kila asubuhi hakuhitaji kusomewa kanuni za utumishi.

Mahali panapogusa moyo zaidi ni chumba cha hukumu cha ghorofa ya chini, kinachoelekea moja kwa moja uwanjani. Kesi zenyewe zilisikilizwa juu, lakini hukumu ya kifo ilitakiwa itamkwe hadharani, na hapa ndipo ilipotamkwa, huku watu waliosimama Dam wakitazama. Kuta zake zimefunikwa kwa marumaru nyeupe, na nyuma ya benchi la mahakimu kuna michongo mitatu mikubwa. Katika mmoja Mfalme Sulemani anaamua kati ya wanawake wawili wanaogombea mtoto. Katika mwingine Brutus, mmoja wa viongozi wa kwanza wa jamhuri ya Roma, anawahukumu kifo wanawe mwenyewe kwa sababu wameisaliti jamhuri. Wa tatu unamwonyesha Zaleucus, mtunga sheria wa Locri, ambaye sheria yake iliamuru mzinzi ang'olewe macho mawili. Mwanawe alipopatikana na hatia hiyo, baba alitoa jicho moja la kwake ili kijana abakiwe na moja. Hekima, uadilifu na huruma vilikuwa vinamtazama hakimu mgongoni wakati anatamka neno lake. Kati ya michongo hiyo wamesimama wanawake wanne wanaobeba dari, na nyuso zao ni za huzuni na aibu, wengine wamejifunika kwa mikono. Baada ya hukumu, jukwaa la mbao lilijengwa likiegemea ukuta wa mbele wa jumba, na adhabu ikatekelezwa palepale mbele ya watu.

Ukitoka kwenye chumba hicho na kupanda ngazi, unaingia katika Ukumbi wa Raia, nao ndio moyo wa jumba: futi 120 kwa urefu, 60 kwa upana, na kimo cha futi 90. Hapa kila mwenyeji wa mji aliruhusiwa kuingia na kutembea. Kwenye sakafu ya marumaru zimelazwa duara tatu kubwa, mbili zikiwa ramani za nusu mbili za dunia, na moja ramani ya nyota za anga la kaskazini. Ramani za dunia za awali zililika kwa kukanyagwa na zikabadilishwa katikati ya karne ya 18, kwa hiyo zinazoonekana sasa si zile za mwanzo. Kwenye ncha moja ya ukumbi, juu ya mlango wa kuingilia, ameketi Mwanamwali wa Amsterdam, ambaye ni mfano wa mji wenyewe, na kwenye ncha ya pili Haki ameketi akiwakanyaga Tamaa na Husuda, akiwa na Kifo upande mmoja na Adhabu upande wa pili, huku juu yao Atlas, jitu la hekaya za Wagiriki, akibeba mbingu. Katika korido zinazouzunguka wamesimama miungu ya Kirumi yenye majina ya sayari. Raia aliyevuka ukumbi huo alikuwa anatembea juu ya dunia yote ilhali mbingu iko mabegani mwa Atlas, na mji wake uko katikati. Ni majivuno makubwa, bila shaka, lakini yamepangwa kwa akili iliyotulia, na usafi wa ile marumaru nyeupe unayafanya yavumilike.

Jambo la mwisho, kwa kuwa wewe ni mtu wa milango: jumba hili halina lango kuu. Mbele yake kuna matao saba madogo yaliyolingana, na baadhi ya watu husema ni hesabu ya majimbo saba ya jamhuri. Wengine huona kwamba milango midogo ni rahisi kuifunga ghasia zinapotokea uwanjani. Kwa maoni yangu sababu ya pili peke yake ingetosha kuwashawishi mameya.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Rembrandt alichora picha kwa ajili ya jumba hilo na ikakataliwa?

JIBU: Ni kweli, na ni habari ya kusikitisha. Mameya walitaka korido kubwa zijazwe michoro ya uasi wa Wabatavi dhidi ya Roma mwaka 69, watu ambao Waholanzi waliwahesabu kuwa mababu zao, na ambao vita vyao vilifananishwa na vita dhidi ya Hispania. Kazi hiyo alipewa Govert Flinck, mwanafunzi wa zamani wa Rembrandt, lakini Flinck alifariki mwaka 1660 kabla ya kuikamilisha, na michoro ikagawanywa kwa wachoraji mbalimbali. Rembrandt alipewa tukio la kiapo cha usiku, ambapo kiongozi Claudius Civilis anawaapisha wenzake kwa panga.

Alichora turubai yenye karibu mita tano na nusu kila upande. Civilis alikuwa chongo, na wachoraji wengine walimgeuza pembeni ili jicho bovu lisionekane; Rembrandt alimgeuzia mtazamaji uso mzima, akiwa na kofia kubwa, akizungukwa na watu wakali wanaomulikwa na taa iliyofichwa. Picha ilitundikwa mwaka 1662, na katika mwaka huo huo ilishushwa na kurudishwa kwa mchoraji, na mahali pake ikawekwa kazi iliyomaliziwa haraka na Jürgen Ovens kutokana na rasimu ya Flinck. Turubai la Rembrandt lilikatwa, likabaki kipande cha kati tu, ambacho leo kimo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Stockholm, Uswidi. Ukiviweka pamoja vyumba vyote vya lile jumba, vyenye mashujaa wa kale waliosafishwa na kupambwa vizuri, unaona kwamba uso ule wenye jicho moja haukuweza kukaa kwa amani pale. Lakini mimi ningetoa sehemu kubwa ya mapambo yaliyobaki ili uwe umekaa.

Kuna jambo jingine linalofungamana na panya niliokwisha kuwaeleza. Mwaka 1656 Rembrandt mwenyewe alishindwa kulipa madeni yake, na ofisi ya waliofilisika ya mji ndiyo iliyoorodhesha mali zake, vitu 363 kwa hesabu, kabla ya kupigwa mnada.

Usidhani hata hivyo kwamba michoro yote iliyokubaliwa ilikuwa hafifu. Katika chumba cha mameya, juu ya meko mawili yanayotazamana, kuna kazi mbili za mwaka 1656 ambazo nazithamini sana. Moja ni ya Flinck, inayomwonyesha Mrumi Marcus Curius Dentatus akikataa dhahabu ya maadui na kuchagua chakula chake duni cha mizizi. Ya pili ni ya Ferdinand Bol, ambamo Mfalme Pyrrhus anajaribu kumtisha mjumbe wa Roma, Fabricius, kwa kumfunulia ghafla tembo, naye Fabricius anabaki ametulia. Meya aliyeketi kati ya picha hizo alikumbushwa kila siku mambo mawili: asihongwe na asitishwe.

SWALI: Nimeona picha ya nyuma ya jumba hilo, na chini ya paa kuna watu wa mabara mbalimbali wanaoleta mali. Nikiwa Mwafrika, niitazameje sanamu hiyo?

JIBU: Itazame kwa macho makavu, na usiipite haraka. Kwenye pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa upande wa mbele, inayoelekea Dam, viumbe wa bahari wanamsujudia Mwanamwali wa Amsterdam. Kwenye pembetatu ya nyuma, mabara manne yaliyojulikana na wenyeji wa wakati ule, yaani Ulaya, Afrika, Asia na Amerika, yanamletea mazao na hazina zao. Juu ya pembetatu ya mbele imesimama sanamu ya Amani, na juu ya ile ya nyuma Atlas na tufe lake. Wachongaji waliyachonga mabara hayo kana kwamba yanaleta zawadi kwa hiari, nyuso zimetulia, mikono imejaa.

Ukweli wa biashara ile haukuwa hivyo. Utajiri uliolipia marumaru ulitokana na mambo mengi, yakiwemo nafaka za Baltiki, uvuvi na viungo vya Asia, lakini pia ulitokana na makampuni yaliyopigana, kuteka na kuuza watu. Mji wenyewe ulihusika moja kwa moja: kuanzia mwaka 1683 Amsterdam ilimiliki theluthi moja ya kampuni iliyoendesha koloni la Suriname, ambako mashamba ya miwa yalilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na maamuzi ya mwenye hisa huyo yalipita mikononi mwa mameya wa jumba lile lile lililojaa sanamu za Haki. Utumwa katika Suriname ulikomeshwa kisheria tarehe 1 Julai 1863. Mnamo tarehe kama hiyo mwaka 2021 meya wa Amsterdam, Femke Halsema, aliomba radhi kwa niaba ya mji kwa nafasi yake katika utumwa, na mwaka 2023, tarehe hiyo hiyo, Mfalme Willem-Alexander naye aliomba radhi.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuacha kuisifu kazi ya mkono wa Quellinus, ambayo ni ya hali ya juu. Lakini mbele ya pembetatu ya nyuma napenda kuuliza swali ambalo mchongaji hakuulizwa, nalo ni nani aliyeibeba ile mizigo hadi bandarini, na alilipwa nini. Ndani ya jumba kila nakshi inamwonya mwenye madaraka. Hii ya nyuma inamsifu tu.

SWALI: Ni lini basi jumba la mji liligeuka kuwa ikulu, na je, mtu wa kawaida anaweza kuingia?

JIBU: Liligeuka mwaka 1808. Miaka miwili kabla, Napoleon Bonaparte alikuwa amemweka ndugu yake Louis kuwa mfalme wa Uholanzi, na Louis alipoamua kuhamia Amsterdam alilichagua jumba la Dam kuwa makazi yake. Serikali ya mji ikafungasha nyaraka zake na kuhamia katika majengo ya Prinsenhof, mtaa wa jirani. Vyumba vya mahakimu na makarani vikawa sebule na vyumba vya kulala, korido zikagawanywa kwa kuta za mbao ili kupata vyumba zaidi, marumaru baridi ikafunikwa, na mbele kukaongezwa roshani ambayo mfalme angeitumia kuonekana kwa watu. Nyumba ya mizani, ambako wafanyabiashara walikuwa wakipimisha bidhaa zao uwanjani tangu karne ya 16, ilivunjwa kwa sababu ilimziba mfalme asiuone uwanja vizuri. Kati ya mabadiliko yote, hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi, maana mizani ile ilikuwa sehemu ya maisha ya uwanja kuliko roshani yoyote.

Louis alijiuzulu mwaka 1810, akaacha samani zake nyingi, ambazo leo zinahesabiwa miongoni mwa mikusanyo bora ya mtindo wa Empire, yaani mtindo wa enzi za Napoleon, nje ya Ufaransa. Wafaransa walipoondoka mwaka 1813 jumba lilirudi kwa mji, lakini likawekwa mikononi mwa nyumba ya kifalme ya Orange, na mji haukuwahi kurejesha ofisi zake pale. Mwaka 1936 serikali ya taifa ililinunua rasmi kwa gilda milioni 10. Amsterdam ilisubiri muda mrefu kupata jumba jipya la mji. Lilifunguliwa mwaka 1988 kando ya mto Amstel, likiwa jengo moja na ukumbi wa opera.

Katika karne ya 20 warekebishaji waliziondoa kuta za mbao na kuifunua tena marumaru, hivyo mpango wa van Campen unaweza kusomeka upya. Kati ya mwaka 2005 na 2009 jumba lilifungwa kwa ukarabati mkubwa uliohusisha pia kuondoa asbesto. Mfalme hulitumia kwa dhifa na mapokezi ya kitaifa, na hapo ndipo Malkia Wilhelmina mwaka 1948, Juliana mwaka 1980 na Beatrix mwaka 2013 walipotia saini hati za kuachia kiti. Siku ambazo halina shughuli za kifalme huwa wazi kwa wageni wanaolipa kiingilio, kwa hiyo ni vyema kuangalia kalenda yake kabla ya kupanga safari. Ukipata nafasi hiyo, waache wenzako watangulie kwenye viti na saa za dhahabu za Louis, nawe baki kwenye korido zinazotoka Ukumbi wa Raia, utembee mlango kwa mlango ukitazama juu, mpaka umpate Icarus, kisha ushushe macho kidogo uwaone panya.